Ufunguo wa Akaunti Uko Mkononi mwa Nani?



Shughuli nyingi ambazo zamani ziliandikwa daftarini zimehamia mtandaoni. Leo kikundi cha kuweka na kukopa cha Nakivale chaweza kutunza hesabu zake katika programu ya tovuti iliyotengenezwa na kijana wa hapo hapo au na fundi wa Mbarara. Mwanachama huifungua kwa simu, akatazama akiba yake na kuomba mkopo. Maendeleo haya tunayapongeza. Hata hivyo, kabla fedha za watu hazijaingizwa humo, viongozi wa kikundi na fundi wao wanapaswa kujiuliza swali moja: ufunguo wa kila akaunti uko mkononi mwa nani?

Njia ya kwanza ya kuingia ni namba ya simu. Mtumiaji huandika namba yake, akapokea ujumbe wenye namba ya uthibitisho, kisha akaingia. Njia hii ni nyepesi, lakini anayeishika laini ndiye anayeishika akaunti. Makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, yamepokea watu wa Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Mtu aliyefika bila hati huenda akatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani au la mwenye duka. Siku jirani huyo atakapoomba kadi mpya ya namba hiyo, ujumbe wote wa uthibitisho utamfikia yeye. Vilevile, laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika yaweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo, sajili laini kwa jina lako mwenyewe. Mwezi Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho, hati zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu.

Njia ya pili ni neno la siri. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadili neno la siri kila baada ya muda fulani bila sababu, kwani huishia kuchagua maneno dhaifu. Urefu ndio nguvu yake. Maneno manne yasiyohusiana, ambayo wewe unayakumbuka na mwingine hayakisii, yanashinda jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Neno lililotumika kwenye akaunti moja lisitumike kwenye nyingine.

Njia ya tatu ni kuingia kwa akaunti uliyo nayo tayari, kama ile ya Google. Hapo kikundi hakitunzi neno lako la siri, na hilo ni jema. Lakini iwapo akaunti hiyo ulifunguliwa na kijana wa kibanda cha simu akaweka namba yake mwenyewe, basi yeye ndiye atakayeweza kuirejesha. Kagua namba iliyowekwa humo, na uibadilishe ikiwa si yako.

Njia ya nne huongezwa juu ya hizo: programu ya simu inayotoa namba mpya ya uthibitisho kila baada ya sekunde 30, hata pasipo mtandao. Kwa kuwa haitegemei laini, inamfaa sana mweka hazina.

Kwa wanaotengeneza programu, tunashauri mambo manne. Kwanza, wapeni watumiaji njia zaidi ya moja; ukidai namba ya kitambulisho cha taifa pekee, umewafungia nje wakimbizi. Pili, mwenyekiti, katibu na mweka hazina kila mmoja awe na akaunti yake, ili ijulikane nani alifanya nini. Tatu, aliyepoteza simu arejeshewe akaunti mbele ya viongozi wawili wanaomfahamu kwa sura, wala si kwa kupiga simu tu. Nne, kusanyeni taarifa zile tu zinazohitajika, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya 2019 inamtaka anayezikusanya azilinde.

Kwa kila mtumiaji neno letu ni moja: namba ya uthibitisho haisomwi kwa mtu yeyote. Akijitambulisha kuwa askari, mtumishi wa kampuni ya simu au wa UNHCR, kisha akaiomba, kata simu. Huduma za UNHCR, pamoja na za kuhamishiwa nchi ya tatu, hazilipiwi.

Ikiwa akaunti yako imeingiliwa, usifute ujumbe wowote. Andika tarehe, saa na namba iliyokupigia, waarifu kampuni ya simu na viongozi wa kikundi mara moja, kisha ufike kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, na sheria hiyo humlinda mwenyeji na mkimbizi sawasawa. Kwa dharura, piga 999 au 112.