Vituo vidogo vya skii

Vituo vidogo vya skii ni vijiji na miji ya milimani inayopokea wageni wa kuteleza juu ya theluji, lakini isiyo na jina kubwa kama Chamonix nchini Ufaransa, Zermatt nchini Uswisi au Aspen nchini Marekani. Wengi huvichagua kwa sababu ya bei: chumba, chakula na tiketi ya lifti hugharimu kidogo. Unafuu huo una sababu zake, na nyingine mgeni huzijua baada ya kufika tu.

Kimo na theluji

Jambo la kwanza la kuangalia ni kimo, wala si umaarufu. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa baridi na theluji inavyodumu. Kitzbühel nchini Austria hujulikana duniani kote kwa mashindano ya Hahnenkamm yaliyoanza mwaka 1931, lakini mji wenyewe uko mita 760 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Msimu ukiwa na joto, mvua hunyesha pale ilipotarajiwa theluji.

Livigno, kijiji cha Italia karibu na mpaka wa Uswisi, kipo kwenye mita 1,816. Hakitozwi kodi ya ongezeko la thamani, hivyo hata petroli ni rahisi kuliko kwingine nchini humo. Tatizo lake ni safari: hakuna reli wala uwanja wa ndege wa karibu, na kutoka Milano ni saa kadhaa kwa gari. Umbali huo ulikificha kwa muda mrefu, hadi kilipopokea mashindano ya ubao wa theluji katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2026.

Hata kimo kikubwa si dhamana. Chacaltaya nchini Bolivia palikuwa na skii kwenye zaidi ya mita 5,000, lakini barafuto yake, yaani barafu ya kudumu ya mlimani, ilitoweka mwaka 2009. Kwa hiyo vituo vingi hutengeneza theluji kwa mashine zinazorusha matone ya maji kwenye hewa baridi, kazi inayotumia maji na umeme mwingi. Afriski nchini Lesotho, iliyo juu ya mita 3,000 katika milima ya Maloti, hutegemea mashine hizo. Mteremko wake mkuu ni wa kilomita moja hivi, na msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati Ulaya ni kiangazi.

Foleni na hifadhi

Bansko, kusini-magharibi mwa Bulgaria, hutajwa mara nyingi kwa bei nafuu. Mji uko bondeni, miteremko iko juu sana, na wageni wengi hupanda kwa njia moja ya magari ya kebo iliyofunguliwa mwaka 2003. Asubuhi za sikukuu foleni huwa ndefu mno. Kuongeza njia nyingine si rahisi, kwani miteremko imo katika Hifadhi ya Taifa ya Pirin, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983. UNESCO ilipoipanua sehemu hiyo mwaka 2010, maeneo ya skii yaliachwa nje, katika ukanda wa kinga. Mwanzoni mwa mwaka 2018 watu waliandamana mjini Sofia kupinga mpango wa kuruhusu ujenzi zaidi hifadhini.

Hatari

La Grave, Ufaransa, ni cha namna yake. Magari ya kebo hupanda kutoka mita 1,450 hadi 3,200, na huko juu karibu hakuna njia zilizosawazishwa. Katika vituo vya kawaida wafanyakazi hulipua theluji mapema ili isiporomoke juu ya watu. La Grave hawafanyi hivyo. Nchi za Alpi hutangaza hatari ya maporomoko kwa ngazi 1 hadi 5, na anayepanda hubeba kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Wageni wengi huajiri kiongozi wa milima. Gharama ya kiongozi haimo katika bei ya tiketi.