Umeme wa sherehe: piga hesabu kabla ya kukodi jenereta

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MFANYABIASHARA anayeandaa sherehe au banda la maonyesho mjini Arusha hubishania bei ya turubai, viti na chakula kwa siku kadhaa. Suala la umeme huachiwa fundi asubuhi ya siku yenyewe. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Soko la umeme wa muda si dogo. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC) kipo tangu 1978, maonyesho ya Nane Nane hufanyika Njiro mwezi Agosti, na mji umepangiwa mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Harusi nazo hazikauki, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Na waliopitia mgawo wa 2006 na ule wa 2023 hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu anakodi jenereta.

Tuchukue mfano wa harusi ya watu 300 huko Ilboru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Muziki unakula wati 2,000. Taa wati 1,000. Friza mbili za vinywaji wati 400. Projekta wati 300. Na birika la umeme la chai wati 2,000. Jumla ni wati 5,700.

Kamati inakodi jenereta la KVA 10 na kudhani limetosha na kubaki. Kwanza, KVA si kilowati. Kwa kawaida KVA 10 ni kilowati 8 tu. Pili, Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300. Tukikata asilimia 15, zinabaki wati 6,800. Jenereta lililotosha Dar es Salaam linaweza kuzidiwa hapa.

Tatu, mota ya friza inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Tukikadiria wati 1,000 kwa kila moja, friza mbili zikianza kwa pamoja mzigo unapanda hadi wati 7,300. Jenereta linazimika, au umeme unashuka na kuunguza amplifaya ya watu wakati maharusi wanaingia ukumbini.

Dawa si lazima iwe jenereta kubwa zaidi. Chai ikichemshwa kwa gesi au mkaa, mzigo unashuka hadi wati 3,700, na hata friza zikianza pamoja hauzidi 5,300. Hiyo ni chini ya asilimia 80 ya uwezo, kiwango ambacho mafundi wengi hupendelea. Birika moja ndilo lililokuwa linawapeleka kwenye jenereta la bei ya juu.

Kubwa mno nalo ni hasara: linachoma mafuta bure, na likifanya kazi nyepesi muda mrefu injini hujaa masizi. La KVA 10 kwa mzigo huu litahitaji kama lita 2 za dizeli kwa saa. Sherehe ya saa 8 ni lita 16, na ya akiba juu yake.

Kwa wanaotumia umeme wa ukumbi, uliza mapema kama ni wa njia moja au njia tatu, na nani anajaza LUKU. Ukiwa wa njia tatu, fundi agawe mzigo. Asirundike vyote njia moja.

Mwekezaji mdogo anayetaka kununua jenereta la kukodisha naye amuulize muuzaji litatoa kilowati ngapi kwenye mwinuko wa Arusha, asitosheke na namba iliyobandikwa ubavuni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ya vifaa na wati zake haijazi hata ukurasa mmoja wa daftari hilo.