Je, Wajua? Mstari mweusi kwenye ukucha

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mistari ya kahawia au myeusi kwenye kucha ni jambo la kawaida, hasa umri ukisonga, na mara nyingi haina madhara. Lakini mstari mmoja mpya, unaozidi kupanuka au kutia weusi ngozi ya shina la ukucha, usiufunike kwa hina wala rangi. Huenda ni saratani, na daktari atakata kinyama kidogo kikapimwe. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981.

Ukucha wa njano, mnene, unaomeguka? Mara nyingi ni fangasi. Vidonge vya terbinafini, kwa maagizo ya daktari, humezwa takriban wiki 12 kwa kucha za miguu.