Kumbukumbu za Kilwa Zisipakiwe Chombo Kimoja

MWEZI Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu ya kusini, barabara iendayo Dar es Salaam ilikatika huko Somanga. Siku chache baadaye mikongo ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari nayo ilikatika, na intaneti ikadorora nchini. Wananchi wa Kilwa walikumbushwa kwamba kilicho mbali si cha kutegemewa siku ya dhiki.

Funzo hilo linahusu pia utunzaji wa kumbukumbu za umma. Siku hizi hati za viwanja, orodha za wavuvi na mihtasari ya vikao huwekwa ndani ya kompyuta. Lakini kompyuta ni chombo, na chombo huzama. Mwananchi aliyevuka kwa mashua kutoka Kisiwani, akafika Masoko na kuambiwa kwamba faili lake halionekani, hana kosa lolote. Lakini hasara ni yake.

Mara nyingi faili la namna hiyo halikuibwa. Lilipotea lilipokuwa likihamishwa na mtumishi aliyeona linakotoka asione linakokwenda. Dawa ya jambo hili ipo, wala si mpya. Mwaka 1986 ilitolewa programu ya Norton Commander, iliyotungwa na John Socha wa Marekani, ambayo ilikigawa kioo cha kompyuta pande mbili: huku mafaili yanakotoka, kule yanakokwenda. Mfano huo ulifuatwa na Midnight Commander, ambayo hutolewa bure, na Total Commander ya Christian Ghisler wa Uswisi, iliyopo hata kwa simu za Android. Katika kompyuta, kitufe cha Tab humvusha mtumiaji toka upande mmoja hadi wa pili, F5 hunakili, F6 huhamisha. Kwa mafaili yaliyomo ofisini, kazi hiyo haihitaji intaneti hata kidogo.

Tofauti ya vitufe hivyo viwili ni kubwa. Anayenakili hupata mafaili mawili; anayehamisha hubaki na moja. Kwa hiyo kanuni iwe hii: nakili kwanza, linganisha pande zote mbili, ndipo ufute.

Kilwa yenyewe ni shahidi. Tarehe ya kale ya masultani wetu imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar katika karne ya 19, ambayo sasa imehifadhiwa London. Kama pasingekuwapo walionakili, leo tungebaki na magofu, sarafu na maneno machache.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imewapa wakuu wa ofisi za umma wajibu wa kutunza kumbukumbu. Hivyo basi, tunawaomba wahakikishe kwamba kila idara ina nakala ya pili katika diski nyingine, ndani ya jengo jingine, chini ya kufuli, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka siri za wananchi zilindwe. Watumishi nao wafundishwe kazi hiyo, na ipangiwe siku maalumu kila wiki.

Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya mwananchi anayevuka bahari mara tatu kutafuta faili moja. Akiba haiozi.