Upepo Nao ni Nguvu: Mafunzo ya Mitambo ya Mwanzo

Sisi wa Masese twaifahamu vema nguvu ya maji, kwani tangu mwaka 1954 bwawa la Owen Falls hapa Jinja limetoa umeme. Walakini wako waliozitafuta nguvu hizo katika upepo, nasi hatuna budi kuyazingatia yaliyowapata.

Nchini Marekani, mhandisi Palmer Putnam alisimamisha mtambo wa kilowati 1,250 juu ya kilima cha Grandpa's Knob, jimbo la Vermont. Ulianza kutoa umeme Oktoba 1941. Mapanga yake mawili ya chuma yalienea mita 53 toka ncha hadi ncha. Mwaka 1943 beringi kuu iliharibika, na kwa sababu ya vita, nyingine ikachelewa miaka miwili. Udhaifu wa mapanga ulikwisha kujulikana, lakini hayakuimarishwa; tarehe 26 Machi 1945 moja likakatika.

Johannes Juul wa Denmark alishika njia ya kiasi. Mtambo wake wa Gedser, wa mwaka 1957, ulikuwa wa kilowati 200 tu, wenye mapanga matatu. Kasi ilipozidi, ncha za mapanga zilijigeuza zikawa breki. Ulidumu miaka 10 bila matengenezo makubwa.

Jirani zetu wa Kenya walianza na mitambo miwili huko Ngong mwaka 1993. Leo Loiyangalani ina mitambo 365, yote ya mapanga matatu. Naam, haraka haraka haina baraka. Tukitaka kuutumia upepo wa Ziwa letu, tuanze na kidogo kilicho imara.