Utendeshi na Ushahidi: Mwanaisimu katika Maktaba ya DoWhy

Katika Kiswahili, kiambishi cha utendeshi humtaja msababishi bila kudai ushahidi: Juma amemlisha mtoto. Takwimu hazina ukarimu huo. DoWhy, maktaba ya programu iliyotolewa na Microsoft mwaka 2018 na kuhamishiwa PyWhy mwaka 2022, humtaka mtafiti aweke wazi anachokichukulia kuwa kweli, akadirie athari, kisha ajaribu kuyakanusha makadirio yake mwenyewe. Kisababishi kikibadilishwa kwa namba za kubahatisha, athari sharti ikaribie sifuri.

Msimbo wake u wazi. Yeyote aweza kupendekeza marekebisho, nayo hupitiwa kabla ya kupokewa. Mwanaisimu asijitenge. Maelezo yanayochanganya ‘sababu’ na ‘uhusiano’ hupotosha, nadhani, kuliko hitilafu ya msimbo, ambayo aghalabu hujidhihirisha programu inapokwama.