Tiketi ya Kuondokea na Utalii wa Barabarani Upareni

Miongoni mwa masharti ambayo Idara ya Uhamiaji ya Tanzania humwekea mgeni anayeomba viza ya kawaida, ambayo ada yake ni dola 50 za Marekani na ukaaji wake hauzidi siku 90, limo la kuwa na tiketi ya kurudi, yaani uthibitisho kwamba mgeni ana njia ya kuondoka nchini kabla siku zake hazijaisha. Kwa mwenye viza ya kupita njia, inayolipiwa dola 30 na isiyozidi siku saba, sharti huwa zito zaidi, kwani hutakiwa kuonesha tiketi ya kuendelea na safari, fedha za kujikimu akiwa njiani, na viza au kibali cha kuingia katika nchi anayoelekea. Lengo linaeleweka na ni halali, kwa kuwa serikali haitaki mgeni akwame nchini bila nauli wala azamie kufanya kazi kwa kisingizio cha utalii. Tatizo limo katika utekelezaji, ambao umeegemea usafiri wa anga kiasi cha kuwasahau wanaosafiri kwa barabara.

Anayelikagua sharti hili mara nyingi si ofisa uhamiaji, bali ni karani wa shirika la ndege kwenye kaunta ya uwanja ambako abiria anaanzia safari. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia duniani, humbebesha msafirishaji wajibu wa kumrudisha abiria aliyekataliwa kuingia nchini, na baadhi ya nchi huongeza faini juu ya gharama hiyo. Uingereza, kwa mfano, humtoza msafirishaji pauni 2,000 kwa kila abiria aliyemfikisha bila hati zinazotakiwa. Kwa hiyo karani hufungua Timatic, kanzidata ya masharti ya kuingia nchi mbalimbali inayoendeshwa na IATA, ambacho ni chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na pale maelezo yake yanapotaja tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari, humzuia asiyekuwa nayo. Karani huyo hana faida yoyote katika kumwamini abiria, ilhali akikosea mwajiri wake ndiye atakayelipa.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa biashara. Wapo mawakala wa mtandaoni ambao kwa bei ambayo kwa kawaida haifiki dola 20 humhifadhia msafiri nafasi katika ndege, wakampa karatasi yenye jina lake, tarehe, na namba ya hifadhi, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita unaoweza kuthibitishwa katika tovuti ya shirika husika. Baada ya siku mbili hivi, au zaidi kidogo, nafasi hufutwa bila kulipiwa nauli. Wengine hununua tiketi inayoruhusu kurudishiwa fedha, wakaifuta mara wanapovuka kaunta. Marekani hata huyalazimisha mashirika kumpa mnunuzi saa 24 za kughairi bila adhabu, au kumshikilia bei kwa muda huohuo, ikiwa safari bado iko mbali kwa wiki moja au zaidi. Karatasi ya namna hiyo haithibitishi kwamba mgeni ataondoka. Inathibitisha tu kwamba siku ya kupanda ndege alikuwa na kitu cha kuonesha, na fedha alizolipa hazifiki kwenye hoteli wala kwa dereva yeyote wa Tanzania.

Athari ya utekelezaji huo wa sharti huonekana vizuri katika barabara inayotoka mpaka wa Holili, ikaungana na barabara kuu ya Moshi na Dar es Salaam pale Himo, kisha ikapita Kifaru na Mwanga hadi Same, milima ya Upare ikiwa upande wa kushoto wa msafiri. Ng'ambo ya mpaka, barabara hiyo huendelea Taveta hadi Voi, ambako treni ya reli ya kisasa ya Kenya husimama ikitoka Nairobi au Mombasa. Ukanda huu una bidhaa nzuri ya utalii: Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, inayopakana na Tsavo Magharibi na yenye mradi wa kuzalisha faru weusi na mbwa mwitu, Ziwa Jipe lililogawanywa na mpaka, vijiji vya Usangi na Ugweno, na msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena, kinachofikia mita 2,462. Anayekwenda huko kwa kawaida si mgeni wa kifurushi cha safari kilichopangwa saa kwa saa. Ni mtu anayeshuka basi, akamtafuta kijana wa bodaboda wa kumpandisha mlimani, akala kwa mama lishe, na akipapenda mahali huongeza usiku wa pili na wa tatu. Mapato ya waongoza watalii wa Upare yamo katika usiku huo ulioongezwa.

Mgeni anayetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, akazuru Mkomazi na Usangi, kisha akatokea Holili ili akapande Mombasa au Nairobi ndege ya kurudi kwao, ana tiketi halali aliyoilipia kikamilifu, lakini tiketi hiyo haioneshi akiondoka Tanzania, na karani mwenye hofu anaweza kuikataa. Tiketi ya basi la kuvuka mpaka haionekani katika mifumo ya mashirika ya ndege, na aghalabu haiuzwi miezi kadhaa kabla ya safari. Hubaki njia mbili: kununua karatasi ya wakala, au kufunga tarehe za kuondoka kwa ndege na hivyo kuukata mguu wa Upare. Viza ya pamoja ya kitalii iliyoanzishwa mwaka 2014 na Kenya, Uganda na Rwanda haimsaidii, kwa kuwa Tanzania haimo.

Nyenzo za kurekebisha hali hii zipo tayari. Holili na Taveta ni Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, ambako anayetoka na kuingia huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja, hivyo kila anayeondoka kwa njia halali huacha kumbukumbu. Viza ya kielektroniki, inayotolewa tangu mwaka 2018, ingeweza kumtaka mwombaji ataje kituo cha mpakani atakachotokea, na idhini yake ikaeleza wazi kwamba tiketi ya ndege kutoka nchi jirani, au tiketi ya basi, inakubalika. Maneno hayo yakiingizwa pia katika Timatic, karani wa uwanja wowote atayasoma na kumruhusu abiria. Kazi ya kuyadai haiwezi kuachiwa wenye hoteli kubwa za Arusha na Zanzibar, ambao wageni wao wengi huja na kuondoka kwa ndege. Inawahusu zaidi halmashauri za Mwanga na Same, pamoja na uongozi wa Mkomazi, ambao hutoza viingilio kwa siku.